Matangazo yanayofunguka yenyewe na programu za upelelezi: cha kufanya mbele ya kuformate ordinateri

“Papa fundi, hii mashini iko inaleta matangazo ya kamari yenyewe, hata watoto wakiwa wanasoma.”

“Ni virisi, mama. Tuiformate tu.”

Maongezi ya namna hii yanajulikana kwenye sekreteria na vibanda vya mafundi, kutoka Bunia mpaka Uvira. Mama anakubali, fundi anafuta kila kitu. Picha za ndoa zinaenda, hesabu za likirimba zinaenda, na TFC ya mtoto iliyobakia sura moja nayo inaenda. Kisha siku kumi, matangazo yamerudia. Yamerudia sababu haikukuwa virisi, na mtu aliyeyaruhusu kuingia ameyaruhusu tena bila kujua.

Kuko vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kitu cha kwanza ni matangazo: yanapiga kelele, yanaudhi, yanakula mega, lakini mengi yake yanatoka kwa dakika chache bila kufuta hata picha moja. Kitu cha pili ni programu ya upelelezi. Hiyo haipigi kelele. Haifungui dirisha wala kuchafua ekrani. Inakaa kimya, inasoma maneno ya siri na kuyatuma mbali. Watu wanalipa feza ili ile ya kelele ifukuzwe, na ile ya kimya inabakia kwenye flashi ya fundi ikingoja mashini nyingine.

Dirisha la tangazo linalofunguka lenyewe lilianza Marekani katika miaka ya 1990, kwenye kampuni ya Tripod. Ethan Zuckerman, aliyeliandika, aliomba radhi mbele ya watu wote mwaka 2014. Leo navigateri kama Chrome, Edge na Firefox zinazuia sehemu kubwa ya madirisha ya namna ile ya zamani. Basi wenye matangazo wakatafuta njia nyingine: kuomba ruhusa. Mtu anafungua ukurasa wa kuangalia mupira ao kutelesharje filme, na mbele ya kitu chochote kunatokea kisanduku kinachosema abonyeze “Autoriser” ili aonyeshe kwamba yeye si roboti. Anabonyeza. Kumbe ameupa ukurasa ule haki ya kumutumia ujumbe kila mara, hata kama ameshaufunga.

Alama yake ni rahisi kuijua. Ujumbe unatokea chini kwenye pembe ya kuume ya ekrani, unasema “ordinateri yako ina virisi tano”, ao unaonyesha picha ya mwanamuke, ao unaahidi feza. Ukitazama vizuri, utaona kwa herufi ndogo jina la navigateri na anwani ya ukurasa ulioutuma. Anwani hiyo ndiyo ya kuandika pembeni.

Kwenye Chrome, unabonyeza vitone vitatu vya juu kuume, unaingia “Paramètres”, kisha “Confidentialité et sécurité”, “Paramètres des sites” na “Notifications”. Hapo utakuta orodha ya kurasa zilizopewa ruhusa. Kila moja usiyoijua, iondoe ao uibloke. Edge na Firefox zina orodha ileile ndani ya “Paramètres”. Ukiandika neno “notifications” kwenye nafasi ya kutafutia, utaifikia. Kazi hii haiombi intaneti wala antivirisi. Kwa nyumba nyingi, tatizo linaishia hapo.

Kama haliishi, angalia ekstensioni. Hizi ni programu ndogo zinazojishikiza kwenye navigateri: nyingine za kutelesharje video, nyingine za kubadilisha PDF, nyingine za kuponi. Ishara yake ni kwamba ukurasa wa kuanzia umebadilika, ao unatafuta kitu kwa Google na unapelekwa mahali pengine usipopajua. Ondoa kila ekstensioni ambayo hakuna mtu wa nyumbani anayekumbuka kuiweka. Ikikataa kuondoka, na Chrome inaandika “Géré par votre organisation”, hapo ujiulize: organisation gani, kwenye ordinateri ya chumbani? Mara nyingine antivirisi ao ordinateri iliyotoka kwenye ofisi inaleta maneno hayo, lakini kwa mashini ya nyumbani ni ishara kwamba programu fulani imejifanya mukubwa wa mashini. AdwCleaner, programu ya bure ya kampuni ya Malwarebytes, inajua kufungua kufuli hiyo na kusafisha takataka nyingi za namna hii. Ni ndogo, haiombi kuinstale, lakini itelesharjiwe kwa ukurasa wa Malwarebytes wenyewe, sababu jina lake limeshaigwa.

Sehemu ya tatu ni programu zenyewe. Ndani ya “Paramètres”, “Applications”, panga orodha kwa tarehe ya kuinstale. Tatizo lilianza wiki gani? Programu zilizoingia wiki ile ndizo za kushuku kwanza. Zenye majina ya Intel, Realtek ao Microsoft Visual C++ ziache, mashini inazihitaji. Zinazojiita kisafishaji, kiharakishaji ao “driver updater”, na zinazodai feza ili zitengeneze makosa mia tatu zilizoyahesabu zenyewe, hizo nyumba haizihitaji.

Kuko uongo mwingine miwili inayofaa kushikwa kichwani. Ukurasa wowote unaosema ni lazima uongeze Flash Player mpya unadanganya: Adobe iliacha Flash tangu mwisho wa mwaka 2020. Na dirisha linalojaza ekrani yote, linapiga sauti, linasema Microsoft imefunga ordinateri yako na kutoa namba ya telefone, nalo ni la uongo. Ujumbe wa makosa wa Microsoft hauna namba ya telefone. Usipige. Funga navigateri kwa Ctrl, Alt na Suppr, “Gestionnaire des tâches”, basi.

Kisha kusafisha hivyo, mashini ikaguliwe. Windows 10 na 11 zina antivirisi yao ya bure, Defender, ndani ya “Sécurité Windows”. Watu wengi wanaidharau sababu haikulipiwa, kisha wanaongeza nyingine mbili juu yake. Ukiweka antivirisi nyingine, Defender inajizima. Na ile nyingine ikimaliza mwezi wake wa majaribio, unaweza kubakia na mulinzi aliyelala. Antivirisi moja inayofanya kazi inatosha.

Chagua “Analyse hors connexion”. Mashini itajizima na kuwaka tena, na itakaguliwa mbele ya Windows kuamka, wakati virisi haijapata nafasi ya kujificha. Inachukua karibu dakika 15, na haitumii mega. Batri iwe imejaa, sababu umeme ukikatika katikati ni kuanza upya. Lakini antivirisi isiyojua virisi mpya haiwezi kuiona. Mwenye mega kidogo anaweza kuchukua faili ya Defender inayoitwa mpam-fe kwa ukurasa wa Microsoft, mahali kwenye Wi-Fi nzuri, aibebe kwa flashi. Inapita mega 100. Ndani ya “Contrôle des applications et du navigateur”, hakikisha kizuizi cha “applications potentiellement indésirables” kimewashwa. Bila hicho Defender inaweza kuacha programu za matangazo zipite, sababu si virisi kamili.

Sasa jambo ambalo mafundi hawapendi kulisikia. Ordinateri nyingi za okazyo zinauzwa na Windows iliyofunguliwa kwa programu ya kuvunja leseni, kama KMSPico na ndugu zake. Ili ifanye kazi, inaomba antivirisi izimwe kwanza. Mtu anayezima mulinzi wake ili mugeni aingie hawezi kushangaa akikosa kitu. Nakala za uongo za KMSPico zimeshakutwa na programu za kuiba maneno ya siri ndani yake. Na hata kama fundi alikuwa mwaminifu, mara nyingi anaacha alama: ndani ya “Protection contre les virus et menaces”, tafuta “Exclusions”. Hapo ni orodha ya mahali ambapo Defender imekatazwa kuangalia. Ukikuta pameandikwa C:\ yote, antivirisi yako ilikuwa inalinda hewa. Ifute, kisha urudie ukaguzi.

Tufike kwa ile ya kimya. Haina ishara kubwa. Wakati mwingine inajionyesha kwa mega: ndani ya “Réseau et Internet”, “Utilisation des données”, Windows inaonyesha kila programu imekula kiasi gani kwa siku 30. Programu isiyojulikana iliyotuma mega nyingi haina sababu nzuri. Wakati mwingine inajulikana kwa matokeo: Facebook inaandikia watu yenyewe ikiwaomba feza, ao barua inakuja kusema mtu ameingia kwenye Gmail yako kutoka inchi nyingine. Angalia pia kama kuna AnyDesk, TeamViewer ao UltraViewer. Ni programu halali za kusaidia mtu kutoka mbali, lakini kama fundi aliiacha wazi, anaweza kuingia kwako bila kubisha hodi.

Hapa watu wengi wanakosea utaratibu. Wanakimbilia kubadilisha neno la siri kwenye mashini ileile, na mwizi anasoma neno jipya linapoandikwa. Kata intaneti kwanza. Kisha chukua telefone safi, na uanze na neno la siri la barua pepe, sababu yeye ndiye ufunguo wa zingine zote: mwenye barua pepe yako anaweza kuomba maneno mapya ya Facebook na mengine. Toa vyombo vyote vilivyounganishwa, si kubadilisha neno tu. Programu hizi zinaiba pia ile alama inayofanya navigateri ikukumbuke, na kwa alama hiyo mtu anaingia bila neno la siri. Washa uhakikisho wa hatua mbili. Fungua WhatsApp, “Appareils connectés”, na ukikuta ordinateri usiyoijua, itoe.

Ni kwa mambo haya ya kimya ndipo kuformate kuna maana. Nakili picha, Word na PDF, usinakili programu. Windows mpya itelesharjiwe kwa Microsoft, isitoke kwa flashi ileile iliyoleta tatizo.

Kuko watu ambao hawapaswi kukimbilia kufuta: wanaoandika majina ya mashahidi, ya wahanga wa ubakaji, ya watu waliokimbia. Kwao ordinateri inayosomwa na mwingine inaweza kumaanisha mtu kufuatwa mpaka nyumbani. Programu ya upelelezi ikitolewa ghafula, aliyeiweka anajua kwamba ameonekana, na ushahidi unapotea. Ni vizuri zaidi kuacha kutumia mashini hiyo kwa kazi ya siri, kuwasiliana kwa chombo kingine, na kutafuta mutu wa tekinike anayeaminika nje ya mutaa. Ni vilevile kwa mwanamuke anayeshuku kwamba bwana yake ndiye anayemusoma. Kuingia kwenye ordinateri ya mtu bila haki ni kosa katika Code du numérique ya Congo, ordonnance-loi 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023.

Imebakia flashi, njia kubwa ya virisi kwenye sekreteria. Ukirudi nyumbani na kukuta faili zote zimekuwa rakursi zisizofunguka, usizibonyeze na usiformate. Mara nyingi faili zako ziko mule mule, zimefichwa tu. Kagua flashi kwa Defender kwanza, kisha fungua “Invite de commandes”, andika herufi ya flashi na nukta mbili (kwa mfano E:), bonyeza Entrée, halafu andika attrib -h -r -s /s /d *.* na Entrée tena. Ngoja kidogo. TFC itaonekana. Rakursi zifute.