Mwiko, kisu na gurudumu: jiko la Boito lilivyochagua chombo chake

Kisu cha gurudumu, kile cha kukatia piza, si chombo cha kawaida katika majiko ya Boito, huko Konoin, Kaunti ya Bomet, Kenya. Wapo watakaosema hiyo ni dalili ya kuachwa nyuma. Mimi nashikilia kwamba chakula ndicho kinachochagua chombo cha kukikata, na historia ya gurudumu lenyewe inaniunga mkono. Mwaka 1922 David Morgan wa Asheville, North Carolina, alipata hataza ya kisu cha namna hiyo, naye alikikusudia kukata kinyunya kilichosukumwa. Piza ilifaidi baadaye, kwa kuwa nayo ni bapa, ngumu kiasi upande wa chini, na jibini yake huburutwa na kisu cha kawaida.

Sasa tazama kimnyet, ugali wa Wakipsigis, wenyeji wa Boito. Zamani ulisongwa kwa wimbi. Mahindi yalishika nafasi hiyo katika karne ya 20, na kufikia miaka ya 1930 Wakipsigis walikuwa wakimiliki vinu vya maji vya kusagia. Unga ulibadilika, lakini bonge lilibaki nene, laini na lenye kunata. Likishapinduliwa kwenye sahani, mpishi huchovya mwiko au kisu majini, akakata kwa kutelezesha, na uso wa kipande ukabaki laini, unang'aa kwa unyevu. Gurudumu dogo lingezama hadi kwenye mpini na kutoka limegandwa na ugali. Tena mwiko huo ndio uliosonga sufuriani. Hakuna haja ya chombo cha pili. Huo ni uhodari wa jiko, na tumeudharau kwa muda mrefu mno.

Mtu atauliza: na chapati je? Ni bapa, ni mviringo, na imeenea hadi hoteli ndogo kabisa. Hotelini hukatwa robo kwa kisu. Mezani nyumbani huchanwa kwa mkono, maana mafuta yameilainisha na tabaka zake huachana zenyewe. Mwingine atasema huenda watu hawa hawakujua kabisa ukataji wa kuzungusha. Hilo halisimami. Hii ni nchi ya chai, na majani ya wakulima wadogo wa Konoin hupelekwa viwanda kama Mogogosiek na Kapset. Kiwandani hupita kati ya rola zenye meno, zinazozunguka kwa kasi tofauti, zikiyakata, kuyararua na kuyaviringa, kwa mtambo ambao William McKercher aliubuni Assam mwaka 1930. Jani la chai lilihitaji kuzungushiwa meno, likazungushiwa. Ugali haukuhitaji.

Wanaoandika historia ya mapishi ya Kenya wauhesabu mwiko miongoni mwa vyombo vya kukatia, wasiishie kuuita chombo cha kusongea.