Majani ya tate

Wandugu, juma hii nimekata majani ya parseli na kupekupe, mgongo unaniuma mpaka leo. Acha niwapashe historia yake.

Tate yangu, baba ya papa, alikuwa boyi ya bustani mu Muhumba, wakati Bukavu ilikuwa ingali inaitwa Costermansville. Asubuhi anashuka toka Kadutu, anakata majani ya mzungu mpaka yanakuwa sawa kama mkeka. Jioni anapanda kurudi kwake, na kwake hakukuwa hata jani moja. Kwetu, kiwanja safi njo kile kilichofagiwa: nyoka unaiona toka mbali, maharagwe unaanika hapo. Majani karibu na mlango ilikuwa haya, alama ya mvivu.

Sasa wazungu walitoa wapi hii tabia? Kwa wafalme. Mu Versailles, karne ya 17, André Le Nôtre alimtengenezea Louis wa 14 eneo kubwa la majani ambamo hakuna kitu kinavunwa. Maana yake: nina udongo mingi, naweza kuuacha bure, na nina watu wa kuukata. Kisha 1830, Mwingereza Edwin Budding akatoa mashine ya kukata majani. Wazo alilipata kwa mashine ya kiwanda yenye kunyoa vitambaa. Toka hapo hata mtu wa kawaida wa Ulaya akaweza. Huku kwetu mashine haikuwa na haraka. Mikono ya tate ilikuwa bei ya chini.

Na ile paspalumu yenyewe, Paspalum notatum, si ya Ulaya hata kidogo. Ilitoka Amerika ya Kusini. Shina lake linatambaa, mizizi inaingia chini sana, inashika udongo. Hiyo njo iliniingiza mu matata na papa.

Parseli yetu iko ku mteremko. Miaka mbili iliyopita, mvua ilibeba kiwanja chetu chenye kufagiwa vizuri, fondasyo ikabaki inje. Nikasema tupande paspalumu. Papa akaniangalia: «Baba yangu alikata hayo majani ili mimi nisome. Wewe na diploma yako, unayaleta ku nyumba?»

Sikukuwa na jibu. Nilipanda paka upande wa chini, kuanzia ukuta mpaka ku mtaro. Juu mama anaendelea kufagia. Wakati ya mvua ninakata kila juma mbili, bila kushusha sana, maana ukinyoa mpaka chini mizizi inachoka. Yaliyokatwa mama anapatia dende zake. Udongo haujateremka tena.

Papa hajakanyaga hapo. Lakini jumapili alileta kiti, akakaa pembeni, miguu ku udongo, akanionyesha na kidole:

«Pale umeacha. Tate yako angekurudisha.»