Wapi pa Kupumzikia Uzeeni? Historia Fupi ya Baridi, Joto na Ruhusa ya Kukaa

Waheshimiwa wazee wetu, ndugu na wana wa ukoo mliokusanyika hapa Birmingham, pamoja na ninyi mtakaozisoma kurasa hizi mkiwa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, Maskati na Toronto:

Kila tukutanapo, sahani zikishaondolewa na watoto wakishatoka nje kucheza, mazungumzo ya wazee huishia pale pale. Mtu akistaafu, akae wapi? Waliofika katika nchi hii wakiwa vijana, katika miaka ya 1960 na 1970, leo wana mvi, na magoti yao hutabiri mvua kabla ya redio. Wako waliokwisha kurudi pwani, wako wanaosita, na wako waliokwenda kisha wakarudi. Kamati imeniomba niandike machache juu ya jambo hili kwa upande wa historia, nami nimekubali kwa furaha, kwa kuwa mara nyingi tunalizungumza kana kwamba sisi ndio wa kwanza kukabiliwa nalo.

Kutafuta hewa njema ni desturi ya zamani kwetu. Kiswahili kina neno lake, kupunga upepo, na mababu zetu walilitenda kabla ya kulitamka. Maskati wakati wa kiangazi ni tanuri. Joto hupita nyuzi 40, na majabali yaliyouzunguka mji huyarudisha usiku yale yaliyoyapokea mchana. Sayyid Said bin Sultan alipokihamishia kiti chake Unguja, jambo ambalo wengine huliweka mwaka 1832 na wengine mwaka 1840, bila shaka alivutwa kwanza na biashara na bandari. Lakini alikuta pia maji matamu, kivuli cha miti na upepo wa bahari, na kasri lake la Mtoni alilijenga nje ya mji, pale upepo huo upitapo. Mwanawe Sayyid Barghash naye alikuwa na majumba yake ya Marahubi na Chukwani, pa kupumzikia mbali na msongamano wa mji. Na watu wa mji wenye uwezo walikuwa na nyumba mbili, moja mjini na moja shamba, wakahama kwa msimu. Hawakuchagua pahala pamoja pa kukaa mwaka mzima. Jambo hili naomba mliweke moyoni, kwani nitalirejea.

Katika nyumba hiyo hiyo ya Mtoni alizaliwa mwaka 1844 Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, ambaye ulimwengu humjua zaidi kwa jina la Emily Ruete. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaishi Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870, naye akabaki na watoto wadogo katika nchi ya theluji. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, zimejaa shauku ya kisiwa alichozaliwa. Alirudi kukizuru mwaka 1885 na tena mwaka 1888, lakini ndugu zake waliotawala hawakumpokea, wala urithi alioudai hakuupata. Baadaye akakaa miaka mingi Beirut, penye bahari na jua la wastani, hadi mwaka 1914, kisha akarejea Ujerumani na kufariki huko Jena mwaka 1924. Inasimuliwa kwamba alizikwa pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja. Hali ya hewa aliyoitaka aliijua vyema. Alichokosa ni mtu wa kumfungulia mlango.

Sasa tuje katika mji huu tuliokutanikia. Wengi wenu mmepita katika bustani ya Highbury, upande wa Moseley. Hapo palikuwa nyumbani kwa Joseph Chamberlain, aliyekuwa meya wa Birmingham kuanzia mwaka 1873 hadi 1876, kisha Waziri wa Makoloni kuanzia mwaka 1895 hadi 1903. Bwana huyu alipenda mno maua ya okidi, na kwa kuwa okidi haziwezi baridi ya hapa, aliyajengea vyumba vya vioo vilivyopashwa moto. Mwezi wa Desemba 1902, akiwa njiani kwenda Afrika Kusini, alishuka Mombasa akapanda reli mpya ya Uganda. Pwani aliiona ya joto, lakini nyanda za juu zilimvutia kwa ubaridi wake. Mwaka uliofuata serikali yake ikawapa viongozi wa Wazayuni pendekezo la kukalisha watu wao huko bara, kwa hoja kwamba nchi ile inafaa kwa Wazungu. Pendekezo hilo walilikataa mwaka 1905. Nchi yenyewe haikubaki wazi, kwani walikuwapo wenyewe, Wanandi, Wamasai na wengineo. Walowezi wa Kizungu wakagawiwa ardhi ile yenye hewa nzuri, wenyewe wakasogezwa, na Wahindi wakazuiwa kumiliki huko. Mwaka 1939 mipaka ya nyanda hizo ikatiwa muhuri wa sheria, ikadumu karibu na uhuru. Wajerumani nao walikuwa wamefanya mfano wa hayo Usambara, ambako Lushoto waliuita Wilhelmstal.

Mtu mmoja aliyefaidi mpango huo anajulikana na kila aliyewahi kuwa skauti. Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa chama hicho, alihamia Nyeri mwaka 1938 akiwa mzee na mgonjwa, akakaa katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu, akiutazama Mlima Kenya. Alifariki Januari 1941 na kaburi lake liko huko huko. Uingereza alikuwa na nyumba, naye alichagua Nyeri kwa ajili ya afya yake. Simlaumu mzee kwa kutaka hewa safi. Nasema tu kwamba mwaka ule alioingia yeye kwa urahisi, Mwafrika aliyezaliwa mlima ule ule hakuweza kununua shamba jirani naye.

Kisha mkondo ukageuka. Sisi hatukuja Birmingham kwa kupenda hali yake ya hewa, na hili wajukuu wetu walijue. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wako waliotoka Unguja na Pemba na nguo za mwilini. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90, na wapatao 28,000 kati yao wakaja Uingereza, wakishuka ndegeni katika majira ya kupukutika majani huku wakigawiwa makoti na watu wa hisani. Nani aliwauliza kama baridi itawafaa?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Sayyid Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar. Aliondoka akiwa na umri wa miaka 34, akaishi Portsmouth, kusini mwa Uingereza, zaidi ya nusu karne. Maombi yake ya kwenda kukaa Oman yalikataliwa mara kadhaa, hata ilipofika mwaka 2020 akaruhusiwa, akiwa ametimia miaka 91. Alifariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024. Awe mtu ameyapenda au ameyachukia mambo ya mwaka 1964, na katika ukoo wetu wamo wa pande zote, ataona kwamba hata aliyezaliwa kasrini alingoja miaka 56 apate ruhusa ya kuzeeka penye joto.

Kwa hiyo, ndugu zangu, fundisho nilipatalo katika historia hii ni moja. Hewa ni ya Mungu, lakini ruhusa ya kukaa ndani yake hutolewa na watu. Anayetaka kuhama aulize habari za jua, kisha aulize habari za karatasi.

Na karatasi zenyewe ni hizi. Kwanza ni pensheni ya serikali. Mstaafu wa Uingereza akihamia Tanzania, Kenya, Uganda au Oman, pensheni yake huganda. Aliyehama mwaka 2000 akilipwa pauni 67 na nusu kwa wiki, mwaka 2025 alikuwa bado analipwa zile zile, hali mwenzake aliyebaki Small Heath mwenye haki sawa alifikia pauni 176. Angalihamia Morisi, Jamaika au Uhispania, ingalipanda kila mwaka, kwa sababu ya mapatano na nchi hizo. Wastaafu waliipeleka kesi hii hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakashindwa mwaka 2010. Pili ni matibabu. Hospitali za umma za hapa humtibu bure mkazi. Aliyehama kabisa si mkazi tena, na hata anayekaa nje zaidi ya miezi 3 jina lake laweza kufutwa kwa daktari wa mtaa. Tatu ni uraia. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa katiba ya mwaka 2010, na Uganda kwa sheria ya mwaka 2009. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, ingawa upo mpango wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya nchi hiyo.

Ama jua lenyewe, nalo tusilikumbuke kwa moyo wa ujana. Birmingham mwezi wa Desemba haina hata saa 8 za mwanga, na baridi yake ya Januari huingia mifupani. Lakini wakati huo huo Unguja imo katika kaskazi. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, na usiku hewa husimama. Baada ya hapo hufuata masika. Wakati mzuri wa kwetu ni kipupwe, Juni hadi Agosti, ambapo Birmingham nayo ina jua mpaka usiku. Mzee akimbiaye baridi, basi, huangukia katika joto kali kuliko yote ya mwaka.

Ami yangu mmoja alifanya kazi kiwandani hapa miaka 31, akauza nyumba yake, akarudi Ng'ambo mwaka 2009. Miaka minne baadaye alikuwa amerudi kwa binti yake, katika chumba cha juu. Nilidhani atalalamikia joto la Machi. Aliponieleza, alitaja bei ya dawa za shinikizo la damu, iliyopanda kila mwaka wakati pensheni yake imesimama. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa tena na nyumba yake upande wowote wa bahari.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wengi wetu huisoma methali hii kuwa ni amri ya kurudi. Mimi naikumbuka pia jahazi yenyewe, iliyokuja na kaskazi na kuondoka na kusi, wala hakuna nahodha aliyeichoma moto alipotia nanga. Ushauri wangu kwa wazee wetu ni kwamba wasiuze nyumba kabla ya kuonja mwaka mzima wa huko waendako, masika yakiwemo. Mwenye afya aondoke hapa mwishoni mwa Novemba, arudi Februari kabla ya miezi 3 kutimia, kama wale wa mji na shamba. Mwenye malipo ya nyongeza kwa kipato kidogo akumbuke kwamba kwa kawaida hukatwa akikaa nje zaidi ya wiki 4.

Na kwa chama chetu naleta ombi, lijadiliwe kesho katika kikao. Kila tawi la ukoo litaje chumba kimoja, Unguja, Mombasa, Maskati na hapa, ambacho mzee yeyote wetu ataweza kufikia kwa msimu bila kuulizwa ataondoka lini. Nami naanza: chumba cha mbele nyumbani kwangu, hapa Birmingham, kina kitanda na kipasha moto kizima, na ufunguo wake nimeuacha kwa katibu.