Safu ya Lugha: Awamu si Hali
Juzi nilisoma tafsiri kuhusu tando za vinundu vidogo kuliko urefu wa wimbi la nuru, zinazogeuza uelekeo wa mtetemo wake kwa “maada za kubadili awamu”. Nikacheka. Awamu ni kipindi: Serikali ya Awamu ya Sita, deni la kulipwa kwa awamu. Ikipita, imepita.

Sasa aloi ya gerimaniamu, antimoni na teluri, mojawapo ya maada hizo (ndugu zake zimo kwenye DVD za kufutika), ukiipasha joto, atomu hujipanga. Ukiiyeyusha na kuipoza ghafla, huvurugika, nayo ikabaki yabisi vilevile. Na unaweza kurudia. Hiyo ni hali, neno la Kiarabu, lilelile la “u hali gani?” Wala, watafsiri, msiandike “umbo”: umbo la vinundu halijabadilika.