Soko la Maneno, Tangu Pasadena

Mwaka 1998, huko Pasadena, California, Bill Gross alifungua soko la maneno. Kampuni yake iliitwa GoTo.com. Mwenye biashara alichagua neno ambalo watu huliandika wanapotafuta kitu kwenye intaneti, akataja dau, na dau liliweza kuwa hata senti moja ya dola. Mwenye dau kubwa ndiye aliyetokea juu, na hakulipa chochote mpaka mtu abofye tangazo lake. Wengi walichukizwa. Miaka miwili kabla, kampuni ya Open Text ilipojaribu kuuza nafasi ndani ya majibu ya utafutaji, ilishambuliwa kwa kuchanganya matangazo na majibu. Gross hakurudi nyuma.

Mimi niko Moshi, na kazi yangu ni kuzinunulia maneno kampuni zinazopandisha wageni Kilimanjaro. Kila mteja mpya huniuliza neno lenye faida linapatikanaje, na mimi humrudisha kwenye miaka ile, kwa sababu wakati huo kila kitu kilionekana.

Dau la kila mtu liliandikwa kando ya tangazo lake, hadharani. Ukiona jirani ameweka senti 40, unaweka 41. Kesho yake yeye anaweka 42. Bei ilipanda hivyo hivyo mpaka mmoja akachoka na kushuka hadi chini, halafu mbio zikaanza upya. Baadaye, GoTo ikiwa imebadili jina na kuitwa Overture, ulikuja utaratibu wa kulipa senti moja tu juu ya anayekufuata. Wajanja nao wakapata hila: unakaa senti moja chini ya mpinzani wako ili alipe dau lake lote mpaka fedha zimwishie.

Lakini kilichowatajirisha watu wa wakati ule ni chombo kidogo cha bure cha Overture. Unaandika neno, nacho kinakuonyesha maneno yanayolizunguka na yalitafutwa mara ngapi mwezi uliopita. Ukiyaweka kando ya madau yaliyo wazi, unaliona neno linalotafutwa sana na lisilogombewa. Kazi ya kuwinda maneno ilishika kasi hapo.

Februari 2002 Google ikabadili mnada. Dau peke yake halikutosha tena. Lilizidishwa kwa kiwango ambacho watu hulibofya tangazo. Chukua tangazo la dola 1 linalobofywa mara moja katika kila mia likionyeshwa, na la senti 40 linalobofywa mara nne. La pili linaiingizia Google dola 1.60 pale ambapo la kwanza linaiingizia dola 1, basi la pili linakaa juu. Kwangu hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya biashara hii, maana mwenye mfuko mdogo anayelijua hitaji la mteja alipata pa kusimama. Overture iliishtaki Google mwaka huohuo kwa kutumia hataza yake. Mwaka 2004 kesi ikaisha kwa Google kutoa hisa milioni 2.7 kwa Yahoo, iliyokuwa imeshainunua Overture.

Sasa litazame neno Kilimanjaro lenyewe. Ni mlima, ni bia, ni maji ya chupa, ni basi, ni uwanja wa ndege. Ni hadithi ya Hemingway pia, na wanafunzi wanaotafuta muhtasari wake wanaweza kukumalizia bajeti bila hata mmoja kupanda. Kwa hiyo kabla ya kununua, unaorodhesha maneno ya kukataa, yale ambayo mtu akiyaandika tangazo lako lisionyeshwe. Kisha unapiga hesabu: kama wabofyaji 100 wanaleta mpandaji mmoja, na anakuachia faida ya dola 300, mbofyo mmoja hauwezi kuzidi dola 3. Kwa maneno mapana, kampuni za London na Marekani zinazoongeza bei juu ya kazi ya watu wetu zinaweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Tusizifuate huko.

Anayetafuta njia ya Rongai, inayopanda kutoka kaskazini, mwezi Aprili ni mtu mwingine kabisa. Tayari anajua kuwa Aprili ni masika, na kwamba upande wa kaskazini wa mlima hupata mvua kidogo. Kilichobaki ni kujua bei na nani atamwongoza. Neno lake linatafutwa na wachache, na mashirika makubwa hayajishughulishi nalo.

Uwazi wa zamani umepungua sana. Madau hayaonekani, tangu 2014 Google inachanganya maneno yanayokaribiana utake usitake, na tangu 2020 sehemu ya yale ambayo watu wameandika hasa haituonyeshi tena, ingawa mibofyo yake tunailipia. Hili linaniudhi, kwa sababu aliyelipa ana haki ya kujua amenunua nini.

Ndiyo maana sasa naanzia kwa waongozaji na kwa dada anayejibu barua pepe ofisini. Wageni huuliza juu ya choo kambini, dawa za mwinuko, magoti mabovu. Wiki hii mpishi mmoja wa mlimani ameniambia kwamba wasiokula nyama huandika mapema sana, miezi kabla ya safari, wakiogopa kulala njaa. Nimenunua maneno yao kwa dau dogo, na ukurasa wanaofikia unataja vyakula anavyopika: ndizi, maharage, supu ya maboga, chapati.