Reli ya Bububu na Uzito wa Karafuu

Unguja imewahi kuwa na reli ya abiria mara mbili, na mara zote mbili njia haikuzidi maili saba hivi. Ya kwanza aliijenga Sultani Barghash bin Said kuelekea jumba lake la Chukwani, kusini ya mji. Mabehewa yalianza kwa kuvutwa na nyumbu, kisha mwaka 1881 kikaletwa kichwa kidogo cha mvuke kutoka Uingereza. Ilikuwa njia ya mtawala kwenda mapumzikoni, na alipofariki mwaka 1888 haikuwa tena na mwenyewe. Ya pili ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, ikafunguliwa mwaka 1905 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, ikipita mjini ubavuni kabisa mwa nyumba za watu. Serikali iliitwaa mwaka 1911. Mwaka 1922 ikaacha kuchukua abiria, na kabla ya muongo ule kwisha ikafungwa.

Kwa nini reli haikudumu Unguja? Husemwa kwamba kisiwa ni kidogo mno kwa reli. Morisi yatosha kulikanusha hilo: ukubwa wake haupishani sana na wa Unguja, lakini treni zake zilianza mwaka 1864, zikapakia abiria hadi 1956 na mizigo hadi 1964. Wengine huilaumu motokaa. Hoja hiyo ina uzito zaidi, ila motokaa zilifika Morisi pia, na reli ikaishi nazo miongo kadhaa. Naona jibu liko katika zao lenyewe. Muwa wa Morisi ni mzito na haungoji. Ukishakatwa lazima ufike kiwandani upesi, tani kwa tani, kila msimu. Karafuu ya Unguja ikianikwa hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake, haiharibiki ghalani, na gunia moja tu lina thamani kubwa. Mzigo wa namna hiyo gari la punda linautosha. Tena kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikashika nafasi ya kwanza. Karafuu za Pemba zilikuja kwa chombo, moja kwa moja hadi forodhani, wala hakuna reli ya Unguja ambayo ingezigusa, hata kama ingerefushwa mpaka Mkokotoni.

Yawezekana kunijibu kwamba watu wa Bububu na wa mjini waliipanda treni ile kwa wingi. Ni kweli, na huduma hiyo isidharauliwe. Lakini abiria wa maili saba hana kinachomfunga na reli. Barabara ikiwa nzuri, atapanda gari linalomteremsha karibu na kwake. Mzigo mzito hauna hiari hiyo. Ndiyo maana, abiria walipokoma, treni ya Bububu haikusimama siku ileile: ilipewa mawe ya ujenzi wa bandari, na kwa mawe hayo ikaishi miaka kadhaa zaidi.