Kiingereza cha macho na Kiingereza cha masikio

Nimepotea kama wiki tatu hivi, mtanisamehe. Tesiti zilibana, na juu yake kuna hili zigo la mtihani wa Kiingereza ambalo limeninyima usingizi. Leo basi siongelei bumu wala foleni ya kantini. Naongelea historia, ambayo ndiyo fani yangu hapa chuoni, kwa sababu nimegundua kuwa kipigo nilichopata Jumamosi kilianza kuandaliwa kabla mama hajanizaa.

Ilikuwa hivi. Tupo sita tunaojiandaa na IELTS, kila mmoja na ndoto yake ya kusoma masta ng'ambo. Jumamosi tukajifungia chumbani, simu ikaunganishwa na spika, tukajipa mtihani wa mazoezi kama ulivyo: sehemu nne, maswali 40, nusu saa hivi, na kila kitu unakisikia mara moja tu. Kikikupita kimekupita, hakuna cha "samahani, rudia". Dada mmoja kwenye rekodi anaulizia nyumba ya kupanga, anatajiwa jina la mtaa herufi kwa herufi. Mimi bado nabishana na herufi ya tatu kama ni "e" au "i", wenzangu wameshafika kwenye kodi ya mwezi. Kwenye mhadhara wa mwisho nikasikia neno "festivo". Nikaliandika kabisa. Baadaye tulipofungua maandishi ya ile rekodi tukakuta ni "first of all". Chumba kizima kikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, ingawa moyoni hali ilikuwa nyingine.

Nilipata 16 kati ya 40. Asubuhi ya siku hiyohiyo, kwenye karatasi ya kusoma, nilipata 33. Mtu yuleyule, Kiingereza kilekile. Na tulipolinganisha, sisi wanne wa shule za kata wote tulikuwa na pengo hilo. Wale wawili waliosoma Inglishi midiam tangu chekechea hawakuwa nalo. Usiku sikulala, nikawa najiuliza: masikio yangu yaliachwa wapi?

Kwetu ni Mpitimbi, Songea vijijini, mkoa wa Ruvuma. Ukitaka kujua ung'eng'e ulifikaje pande zetu lazima upitie Peramiho, ambako Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1898. Sasa angalieni: hao walikuwa Wajerumani. Serikali nayo ilikuwa ya Kijerumani, shule zilitumia Kiswahili, Kiingereza hakikuwa na kazi. Baada ya Vita vya Kwanza Mwingereza akaichukua Tanganyika, Kiingereza kikaingia kwenye madarasa ya juu. Lakini wamisionari wa Peramiho waliendelea kuwa Wajerumani na Waswisi. Hata Gallus Steiger, aliyekuwa abate na askofu pale miaka mingi, alikuwa Mswisi. Kwa hiyo mtoto wa Kingoni wa miaka ya 1930 au 1940 aliweza kukisikia Kiingereza kwa mara ya kwanza maishani kikitoka kwa mtu ambaye naye alijifunza ukubwani. Sisemi kwa dharau, shule zile zimetoa watu wazito. Nasema tu kwamba sikio letu la Kiingereza tulilikopa kwa mtu ambaye naye alikuwa amelikopa.

Babu yangu mzaa baba alisoma huko mpaka darasa la nane. Anasema zoezi pekee la masikio lilikuwa imla. Mwalimu anasoma sentensi mara mbili, mnaandika, ukikosea maneno matano unajua kitakachofuata. Mimi imla niliiona shule ya msingi tu, tena ya Kiswahili zaidi. Sekondari iliyeyuka.

Imla hiyo msiione ya kizamani. Cambridge walipotunga mtihani wao wa kwanza wa Kiingereza kwa wageni mwaka 1913, ndani yake kulikuwa na nusu saa ya imla, na nusu saa nyingine ya kusoma kwa sauti na kuzungumza. Watahiniwa walikuwa watatu. Wote watatu walifeli! (Niliposoma hapo nilijisikia nafuu kidogo.) Kutoka hapo wenzetu hawakuliacha sikio. TOEFL ya Wamarekani ilipoanza mwaka 1964 ilikuja na sehemu ya kusikiliza, na IELTS iliyoanza mwaka 1989 nayo hivyohivyo. Kwao kujua lugha maana yake ni pamoja na kumwelewa mtu anayeongea haraka huku anafungua mlango.

Kwetu je? Tanzania ilijitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na NECTA ikaundwa mwaka 1973. Tangu hapo mtihani wa Kiingereza kidato cha nne unaoujua wewe ni ule niliofanya mimi: karatasi, kalamu, saa tatu, kimya. Kwenye muhtasari wa somo kusikiliza kumetajwa, sikatai, lakini nyie mnajua kisichokuja kwenye pepa hakifundishwi. Mwalimu ana kipindi cha dakika arobaini na watoto themanini, atacheza kanda ya nini? Wakenya angalau wanalo jambo lao la kuchekesha: kwenye KCSE kuna maswali ya stadi za kuongea, ila yanaulizwa na kujibiwa kwa kuandika. Unaulizwa neno hili linatamkwaje, unajibu kwa kalamu.

Cha ajabu ni kwamba Watanzania hatukuwa watu wasiojua kusikiliza. Kinyume chake! Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchi nzima wakakaa kwenye vikundi, wanasikiliza redio pamoja, wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Milioni mbili. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Nchi iliyoweza kuwakalisha wakulima mbele ya redio wakaelewa na kutenda, ingeshindwa nini kumkalisha mwanafunzi wa kidato cha pili asikilize taarifa ya Kiingereza ya dakika tano? Ila redio ilikuwa ya Kiswahili na ya wakubwa, Kiingereza kilikuwa cha vitabu na cha wanafunzi, na viwili hivi havikukutana.

Au niseme vilikutana nje ya darasa. Hapa narudi kwa babu. Babu alikuwa na redio ya National, ile ya mawe makubwa. Mawe yakichoka yanaanikwa juani juu ya ungo, jioni yanapata nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Saa mbili usiku RTD, baada ya hapo anahamia masafa mafupi, anazungusha kitufe taratibu huku redio inapiga miluzi mpaka anaipata London au Marekani. BBC ilikuwa imeanza kufundisha Kiingereza redioni tangu mwaka 1943. Lakini aliyemsaidia hasa babu ni VOA, na kile kipindi chao cha Kiingereza cha polepole kilichoanza Oktoba 1959. Siri yake ilikuwa rahisi: maneno kama 1,500 tu, sentensi fupi zenye wazo moja, na msomaji anasoma kwa theluthi mbili ya kasi ya kawaida. Babu hakujua hayo yote, alijua tu kwamba "yule Mmarekani ana adabu, anakusubiri".

Sasa nikupe mkasa. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, najipima na rekodi moja kwenye simu, babu amekaa pembeni anapukuchua mahindi. Mzungu kwenye rekodi akataja namba ya simu. Nikaandika, nikakosa tarakimu mbili. Babu, bila kuinua kichwa, akaitaja yote. Nikasema babu umebahatisha. Nikaweka nyingine. Akaipata tena, ila jina la mtaa likamshinda, akasema, "Mjukuu wangu, huyu anakula maneno, lakini namba hali." Mtu wa darasa la nane, huyo! Karatasi ya kusoma asingeiweza, maneno mengi hayajui. Sikio analo.

Na hapo ndipo nilipoelewa tatizo langu ni la aina gani. Kiswahili kinaipa kila silabi haki yake: ma-pi-ti-o, zote unazisikia. Kiingereza kinachagua silabi moja mbili za kubeba uzito, zilizobaki zinamezwa. "Of" kwenye maandishi ni neno zima, mdomoni ni pumzi tu. Mimi niliyejifunza kwa macho nasubiri neno lije na umbo lake la kitabuni. Haliji. Nikiwa bado nalisubiri, mengine kumi yamepita.

Nafasi za kurekebisha zilikuwepo. Tume ya Makweta iliyoanza kazi mwaka 1980 ilipendekeza sekondari ihamie Kiswahili kuanzia 1985. Tungekubali, labda Kiingereza kingefundishwa kama lugha, na masikio yakiwemo. Serikali ikakataa mwaka 1983. Mwaka 1984 wakaja wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima wanafunzi wakakuta hali mbaya: hata hapo Mlimani, chini ya asilimia 20 ya waliopimwa ndio waliokuwa na uwezo wa kusoma kwa urahisi hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao. Uingereza ikatoa mradi wa kuokoa jahazi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mradi ukagawa sekondari... vitabu vya hadithi! Jamani, vitabu ni vizuri, mimi mwenyewe nimekuzwa na vile vilivyochakaa. Ila oneni mkondo wenyewe: wamepima kusoma, wametibu kwa kusoma. Sikio halikuulizwa.

Jirani zetu Kenya wakati huohuo, 1980 hadi 1985, walikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio darasa la kwanza mpaka la tatu, nusu saa kila siku ya shule. Redio inauliza, watoto wanajibu kwa pamoja, wanaimba, wanasimama, wanakaa. Walipopimwa, waliofundishwa na redio waliwazidi wenzao katika kusikiliza na pia katika kusoma. Yaani sikio lilivuta na jicho! Hii ndiyo iliyoniuma kuliko yote.

Mtasema mbona kulikuwa na sinema. Sinema gani? Televisheni Bara imeanza mwaka 1994, na Songea umeme wa gridi ya taifa umefika mwaka 2018. Banda la video lilikuwepo, jenereta linanguruma nje, na ndani filamu imeshatafsiriwa na Lufufu. Namheshimu sana marehemu, alikuwa fundi, ila alikuwa anaongea juu ya sauti ya Rambo. Hata Kiingereza cha bure tulichopata kilifunikwa na Kiswahili kitamu kuliko chenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini wale wawili wa Inglishi midiam walitushinda, jibu si akili. Wao walisikia kwanza wakasoma baadaye. Sisi tulisoma kwanza, na kusikia tunaanza sasa, tukiwa na miaka ishirini na kitu, kwa ada ya mtihani ambayo kwa baba ni magunia ya mahindi. Nikifeli sehemu hii moja wastani unashuka na nafasi imekwenda. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si historia.

Nilimpigia babu jana kumwambia habari za VOA, kwamba mwezi Machi 2025 Serikali yao yenyewe ilisimamisha matangazo na kuwarudisha wafanyakazi nyumbani. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na yule anayesoma polepole?" Nikamwambia naye, ila masomo ya zamani nimeyapakua mengi kwenye simu. Akasema basi zima taa, weka kalamu mbali, sikiliza kwanza mpaka mwisho, usiandike kitu. Anasema wao walisikiliza gizani kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa ghali, na gizani sikio linafanya kazi mara mbili.

Tumejaribu jana usiku, taa tumezima, rekodi moja mara tatu: ya kwanza kusikiliza tu, ya pili kuandika kama imla, ya tatu kusahihisha na maandishi yake. Nimepata 21. Leo tena saa tatu usiku, chumba kilekile. Mwenye spika nzuri aje nayo, ile ya Jumamosi inakoroma. Na tafadhali, atakayenisalimia kwa jina la Festivo nitamfungia mlango.